Shangazi, tangu nishike taamuli nimekuwa kama ukuta

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni fundi cherehani, umri wangu miaka 44, nipo hapa Ngamiani, Tanga. Nina mume na watoto wawili, binti yuko chuo Dodoma na mdogo yuko darasa la sita. Naandika usiku, mume yuko safari na lori la saruji, maana mchana siwezi kuandika mambo haya wateja wamekaa wananitazama.

Mama yangu alipata kiharusi mwishoni mwa mwaka 2021, upande wa kulia wote ukalala. Nikamchukua kwangu. Miaka mitatu nimemwogesha, nimemgeuza kitandani, nimemlisha. Dada yangu wa Muheza alikuwa akija Idi kwa Idi, simlaumu, naye ana yake. Wakati huo nilikuwa na mteja, mama wa Kisri Lanka aliyekaa Raskazone. Aliponiona nimechoka akanifundisha taamuli, yaani kukaa kimya dakika kumi kila alfajiri, mgongo wima, nihesabu pumzi moja mpaka kumi halafu nianze tena. Hakunifundisha dini. Alisema kupumua ni kwa kila mtu. Shangazi, nilisaidika kweli. Nilikuwa naamka nikiwa na nguvu ya kumgeuza mama bila kununa.

Mama amefariki, sasa ni miezi minane. Yule mteja alishahama, nikabaki na simu yangu. Nikawa nasoma habari za Buddha kwa Kiingereza changu cha fom foo. Nilichoshika ni kwamba maisha ni mateso, mateso yanaletwa na tamaa, ukiondoa tamaa umeondoa mateso. Nikasema kumbe hata sisi tunajua, si tunasema Tanga waja leo waondoka leo? Basi nikaanza kuondoa. Khanga za mama zilikuwa doti kumi na tisa, nikazigawa hata arobaini haijafika. Imebaki doti moja ya "Nani kama mama" kwenye droo ya cherehani, sijui kwa nini sikuitoa. Harusini siendi tena, maana furaha yenyewe inaisha. Bada, ule ugali wa muhogo, na mchuzi wa papa sipiki, ndicho alichokuwa akikipenda. Binti yangu nilikuwa nampigia kila jioni. Nikapunguza ikawa mara moja kwa wiki, sasa mwezi unakatika. Nilijiambia naufundisha moyo usimzoee, kwani naye ataolewa aende.

Sijalia, Shangazi, tangu siku ya maziko. Watu walinisifu wakasema huyu ana subira. Lakini sasa nikikaa alfajiri hata dakika mbili hazifiki, kifua kinabana namwona mama ananitazama. Basi naongeza muda. Siku hizi nakaa mpaka saa nzima najilazimisha nisiwaze kitu. Wiki iliyopita mume wangu aliniambia, "Mke wangu, siku hizi nikisema na wewe nasema na ukuta." Dada naye amesikia kwa mtoto kwamba mama anakaa kama sanamu, anasema nimeingia dini ya masanamu, nitubu. Mimi sala tano sijaacha hata moja, ila kumjibu nashindwa.

Kuna jingine, silo kubwa. Siku mbili kabla hajafa, mama alishika bakuli kwa mkono wa kushoto akamwaga uji kwenye gauni la bibi harusi nililokuwa nimelimaliza. Nikamkaripia. Akanyamaza tu.

Nakuuliza, nimekosea wapi? Huyo Buddha alitaka tusipende watu? Furaha nayo ni ya kuogopwa? Na je, nimeitoka dini yangu bila kujua?

Fundi, Ngamiani

*

Marahaba mwanangu. Pole kwa kufiwa na mama. Najua miezi minane imepita na pole za watu zimekwisha, lakini kwa ulivyoandika naona kama hakuna hata moja iliyokufikia, kwa hiyo ipokee hii.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote jicho langu lilisimama pale uliposema "silo kubwa". Nitapafikia. Kwanza tukitazame hicho ulichokisoma kwenye simu, kwa sababu umekifuata kwa moyo wote, nacho kilikuwa nusu ya maneno.

Mimi pia hukaa na pumzi yangu kila alfajiri nikishamaliza kuswali, mwaka wa 19 huu. Nilifundishwa na mtawa mmoja katika hekalu la Wabuddha lililopo Upanga, Dar es Salaam, ambalo chanzo chake ni Wasinhala waliokuja nchini kutoka Sri Lanka zama za ukoloni. Nilikwenda kwa shida ya usingizi. Swali langu la kwanza lilikuwa kama lako: kama kila kitu ni mateso, tunahangaika nini? Yule mtawa alinicheka kidogo kwa upole, akaniambia neno lenyewe si mateso.

Neno ni dukkha, la Kipali, lugha ya maandiko ya zamani ya Wabuddha. Wapo wanaolieleza kwa gurudumu ambalo tundu lake la katikati halikukaa sawa kwenye ekseli. Wewe ni mtu wa Tanga, baiskeli umezaliwa ukazikuta. Si umewahi kupakiwa kwenye baiskeli ambayo ringi imepinda? Inakwenda, na Makorora utafika, lakini kila mzunguko tairi inakwaruza fremu. Buddha hakusema safari yote ni kilio. Alisema mkwaruzo upo, hata katika siku njema, kwa sababu kila tunachokishika hubadilika kikiwa mkononi. Akasema una sababu, unaweza kwisha, na ipo njia ya kuumaliza. Ndizo kweli nne alizozitaja katika mafundisho yake ya kwanza kule Sarnath, karibu na Varanasi nchini India, kiasi cha miaka 2,500 iliyopita.

Sababu ya mkwaruzo aliiita tanha. Wewe umesoma "tamaa", lakini maana yake hasa ni kiu. Akasema kiu ni za namna tatu. Iko kiu ya raha, hiyo kila mtu anaijua. Iko kiu ya kuwa, yaani kutaka niwe hiki, nibaki hivi, nisipungue. Na iko ya tatu, wanayoiruka wanaofupisha mambo mitandaoni: kiu ya kutokuwa. Ni ile hamu ya kitu fulani kisiwepo kabisa, kifutike, kisinifikie.

Sasa nikuulize, miezi minane hii umetaka nini kwa nguvu kuliko vyote? Umetaka huzuni isiwepo. Umegawa khanga ili isiwepo, umeacha kupika ili isiwepo, umemkalia mbali mtoto wako ili ya kesho isije, na kila alfajiri unakaa saa nzima kuilindia mlango isiingie. Mwanangu, hiyo ndiyo kiu ya tatu, tena kali. Ulidhani unaiondoa, kumbe ulikuwa unainywesha maji ya bahari.

Kwa hiyo njia hukuikosea pale ulipoanza kukaa. Ulipokuwa unamuuguza mama ulikaa vizuri, ukapata nguvu za kumgeuza bila kununa, na hayo ndiyo matunda yake hasa. Ulipotea mama alipofariki, pale kukaa kulipogeuka kuwa komeo.

Mwanachuoni mmoja wa Kibuddha, Buddhaghosa, aliyeandika Sri Lanka katika karne ya 5, ana jambo ambalo nadhani limeandikwa kwa ajili ya watu kama sisi. Anasema kila sifa njema ya moyo ina adui wa mbali na adui wa karibu. Utulivu wa moyo, ule wa kutoyumbishwa na jema wala baya, adui zake wa mbali ni chuki na tamaa. Hao wakipiga hodi unawajua. Adui wake wa karibu ni kutojali. Huyu amevaa kanzu ileile, anakaa mkeka uleule, na majirani humsifia kuwa ana subira. Mumeo sidhani kama amesoma habari za Buddhaghosa akiwa barabarani na saruji, lakini amekitambua alichokiona. Alisema ukuta, na ukuta hautulii, ukuta hauhisi. Msikilize. Na usimwone amekutukana, mwanamume anayemwambia mkewe hivyo amekukosa na anakutafuta.

Umeuliza kama Buddha alitaka tusipende. Kuna maneno ambayo Wasri Lanka huyasoma kwa sauti mahekaluni na majumbani, na yumkini yule mteja wako anayajua kwa moyo tangu utotoni. Yanahusu metta, yaani upendo wa kuwatakia wengine heri. Yanasema: kama mama anavyomlinda kwa uhai wake mtoto wake wa pekee, ndivyo mtu aukuze moyo usio na mpaka kwa viumbe vyote. Mtu anayetaka mama asimpende mwanawe, angemchukuaje mama kuwa kipimo? Kinachokatazwa ni kumshika binti asikue, asiolewe, asiende. Kumpenda na kumpigia simu hakujakatazwa popote. Wewe umeachia simu, lakini hofu ya kumpoteza bado umeikumbatia na mikono miwili.

Kuhusu furaha, hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu hata Buddha mwenyewe alikosea palepale ulipokosea wewe. Kabla hajapata mwanga aliishi miaka akijitesa porini. Alipunguza chakula mpaka, kwa maelezo yake, akishika ngozi ya tumbo anagusa uti wa mgongo. Aliamini raha yoyote ni mtego. Mwisho wake akakumbuka siku moja ya utotoni: baba yake yuko kazini, naye ameketi peke yake kwenye kivuli cha mti wa jambu, ambao ni wa ukoo mmoja na mizambarau yetu. Moyo wake ulikuwa umetulia, umejaa furaha ambayo haikutokana na kupata kitu wala kumdhulumu mtu. Akajiuliza, kwa nini naiogopa furaha ile? Akajibu kwamba haina cha kuogopesha. Basi akala wali. Wenzake watano waliokuwa wakijitesa pamoja naye wakamwona amelegea, wakamwacha. Lakini kutoka kwenye kivuli kile cha kukumbuka ndipo alipoipata njia.

Nafikiri nawe una mzambarau wako mahali fulani. Labda ni wewe na mama jikoni, mikono imejaa unga wa muhogo. Furaha ile haikukosea kitu kwa kuwa imekwisha.

Sasa uji.

Umeliweka mwisho, ukaliita dogo, kisha ukaniambia mama anakutazama alfajiri. Mimi nadhani anayekutazama ni yule wa siku ile, aliyenyamaza. Buddha alisema mtu akipatwa na maumivu amechomwa mshale mmoja, na asiyefunzwa hujichoma wa pili palepale, kwa kujilaumu, kukataa na kuomboleza juu ya maumivu. Mshale wako wa kwanza ni kufiwa, na huo hauzuiliki, hata watakatifu huwapata. Wa pili ni sentensi unayojiambia bila kuitamka: "Nilimkaripia mama yangu, akafa." Mazoezi yako yote ya saa nzima yamekuwa mikono ya kuuziba mshale huo usionekane.

Sitakwambia hukufanya kitu. Ulimkaripia mgonjwa, naye akaumia, na wewe ukaumia. Lakini miaka mitatu ni zaidi ya siku 1,000. Zihesabu kwa haki kama unavyohesabu pumzi. Siku ngapi ulimwogesha? Mara ngapi ulimgeuza usiku? Karipio moja la mtu aliyechoka, aliyeona kazi ya mikono yake imeharibika, ni kweli, na zile siku 1,000 nazo ni kweli. Usiichague moja tu ndiyo iwe mama yako.

Buddha alipokuwa anakaribia kufa kule Kusinara, Ananda, aliyemhudumia miaka kama 25, alijitenga akaegemea mlango akawa analia. Analia kwamba bado hajafika mbali katika njia, na mwalimu aliyemhurumia anaondoka. Buddha akauliza Ananda yuko wapi, akaagiza aitwe. Alimwambia asihuzunike, akamkumbusha kuwa kila tukipendacho tutatengana nacho. Lakini hakuishia hapo. Alimwambia kwamba kwa muda mrefu amemhudumia kwa matendo, maneno na mawazo ya upendo, na kwamba amejipatia heri kubwa. Nimesoma kisa hiki mara nyingi, na kila mara naona kwamba mtu aliyekuwa anakufa alitumia pumzi zake kumtaja muuguzi wake kwa wema. Mama yako ulimi ulikuwa mzito, pengine hakupata nafasi ya kulisema. Basi nalisema mimi kwa niaba ya kila mzee aliyeogeshwa na mwanawe.

Dada yako hana haja ya hotuba. Mwambie ukweli: unaswali, unakaa kimya, unahesabu pumzi, hakuna sanamu wala ubani. Mimi sitakudanganya kwamba dini hizi mbili ni moja. Wabuddha hawamweki Muumba katikati ya mafundisho yao, na wanaamini kuzaliwa tena, mambo ambayo wewe huyaamini na hulazimiki kuyaamini ili upumue. Ukiwa na wasiwasi wa kisharia muulize shekhe wako, umweleze unachofanya hasa, usimweleze alichosikia dada. Na kuhusu kulia, Mtume alilia mwanawe Ibrahim alipokuwa anakata roho. Waliokuwepo walishangaa, naye akasema macho yanatoka machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Nabii Yaakub macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni ya Yusufu, naye ndiye aliyesema subira njema. Kwa hiyo ile subira uliyosifiwa msibani, hata kwenye dini yako mwenyewe haikudai ukauke macho. Na dua ya mtoto mwema humfikia mzazi. Muombee, umwombe Mungu msamaha kwa neno lile la uji, ulitaje kwa jina lake. Ukiweza toa sadaka ya uji kwa wagonjwa.

Kukaa usiache, ila rudi kwenye dakika kumi zako. Tanga ni mji wa taarabu, unajua waya wa udi ukikazwa mno hukatika. Buddha alimpa mfano wa namna hiyo mtawa mmoja aitwaye Sona aliyekuwa akijilazimisha kama wewe. Fumbua macho kidogo, tazama sakafu. Kifua kikibana acha kuhesabu, weka mkono palepale, useme kimoyomoyo "huzuni ipo". Usiifukuze, usiitafutie maana. Sikiliza imekaa wapi mwilini, ni nzito au nyepesi, inapanda au inashuka. Utaona yenyewe haikai mahali pamoja, na hapo ndipo ile "waja leo waondoka leo" utaielewa kwa mwili, si kwa maneno. Machozi yakija, yaache yaje. Mwisho mtakie heri mama, kisha ujitakie wewe mwenyewe kwa maneno yaleyale. Ikikuzidi, simama, tembea uani miguu mitupu ukihisi ardhi, hiyo nayo ni taamuli na watawa huifanya. Wako watu ambao kukaa muda mrefu peke yao na msiba mbichi huwazidishia, wala si udhaifu. Kama hulali, huli, au unawaza kwamba afadhali nawe usingekuwepo, nenda hospitali ya Bombo umwone daktari wiki hii, umwambie yote. Pumzi haichukui nafasi ya dawa.

Ile doti uliyoiacha kwenye droo umeniandikia hujui kwa nini. Itoe, uivae ukiwa unashona. Siku mumeo akirudi safari pika bada na papa, umwambie habari ya uji, yeye kabla ya mtu mwingine. Dada wa Muheza mwite naye aje. Naye amefiwa na mama, na pengine makali yale ya masanamu ni kilio chake kilichokosa mahali.

Lakini yote hayo yangoje. Leo jioni mpigie binti yako. Usimweleze habari za Buddha wala za Shangazi. Muulize amekula nini.